Je, Iko Damu Inayoshinda Virusi vya UKIMWI?



Katika kambi za mashamba ya miwa na ya chai, na katika viwanda vyetu vya Jinja na Kampala, liko neno linalozunguka. Wanasema wako watu wenye "damu kali". Mtu wa namna hiyo, ati, virusi vya UKIMWI vikimwingia havimfanyi kitu. Damu yake inavikalia mpaka vinanyamaza. Wengine wameongeza la kwao: kama karatasi ya maabara inasema virusi havionekani, basi wewe ni mmoja wa watu hao, na dawa unaweza kuziacha.

Neno hili lilipata nguvu katika mwaka 2025. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na kliniki nyingi zilizotegemea misaada hiyo zikayumba. Mwezi uliofuata, Wizara ya Afya ya hapa Uganda iliagiza huduma za UKIMWI ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Wenzetu waliozoea kliniki yao ya pembeni waliona haya kupanga foleni moja na majirani. Katika hali hiyo si ajabu mtu akajiuliza moyoni: je, mimi siwezi kuishi bila vidonge?

Sisi wa chama tumeona kwamba swali hili halifai kujibiwa kwa makelele. Ndani ya uvumi huo umo ukweli na imo hatari, na mfanyakazi anastahili kuelezwa vyote viwili. Ukweli ni kwamba mwili una walinzi wake wa kuzaliwa, na katika watu wachache sana walinzi hao husaidia kuvizuia virusi miaka mingi. Hatari ni kwamba mtu hawezi kujijua kuwa ni mmoja wao kwa kujisikia mzima, wala kwa karatasi aliyopewa wakati anakula dawa. Na tuanze na walinzi wenyewe.

WALINZI WA MWILI

Mwili wa binadamu una kinga za namna mbili. Ya kwanza ni kinga ya asili. Tunazaliwa nayo, haingoji kufundishwa, nayo huanza kazi mara tu adui anapoingia. Ya pili ni kinga ya kujifunza. Hiyo huchukua siku nyingi kumsoma kila adui mpya, lakini ikishamjua haimsahau upesi. Chanjo wanazopigwa watoto wetu hufanya kazi kwa kuifundisha kinga hiyo ya pili. Hata kipimo cha kawaida cha UKIMWI, kile cha tone la damu, hutafuta alama zilizoachwa na kinga ya kujifunza. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupimwa na asionekane kitu, akaambiwa arudi baadaye.

Mlinzi wa kwanza wa kinga ya asili ni ngozi, pamoja na ule utando laini wa mdomoni na wa sehemu za siri. Ngozi nzima virusi haviipiti. Lakini penye kidonda, au penye ugonjwa kama kaswende na kisonono, mlango umekwisha funguliwa. Kwa hiyo kutibu magonjwa ya zinaa mapema ni sehemu ya kujikinga na UKIMWI. Hapa kwetu Rakai, na kule Kisumu nchini Kenya, uchunguzi uliotoa matokeo yake mwaka 2006 ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa nusu hivi, au zaidi kidogo, hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Sababu moja ni kwamba ndani ya govi zimo seli nyingi ambazo virusi hivi huzipenda. Lakini ndugu, kupunguza si kumaliza. Aliyetahiriwa naye huambukizwa.

Virusi vikipita mlangoni hukutana na walinzi wa ndani. Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli ikivamiwa hupiga king'ora. King'ora hicho ni kitu kinachoitwa interferoni, na seli jirani zikikisikia hufunga milango yao.

Zaidi ya hapo, ndani ya seli zetu zimo protini ambazo kazi yake ni kuharibu kazi ya virusi. Mwaka 2002 wataalamu waligundua moja waliyoiita APOBEC3G. Hiyo hujipenyeza ndani ya virusi vipya vinapotengenezwa. Virusi hivyo vikifika katika seli nyingine na kuanza kunakili maandishi yao ya urithi, protini hii huyachafua maandishi, nakala ikatoka imejaa makosa na haifai kitu. Mwaka 2008 ikajulikana kazi ya nyingine iitwayo tetherini. Hiyo hufunga virusi vipya kwenye ukuta wa seli, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, visiweze kuondoka kwenda kushambulia seli nyingine.

Msomaji atauliza: kama tuna walinzi hodari namna hiyo, kwa nini watu wamekufa kwa maelfu? Jibu ni kwamba adui huyu kwa kila kufuli amechonga ufunguo. Anabeba protini moja, jina lake Vif, ambayo huifanya APOBEC3G iangamizwe. Anabeba nyingine, jina lake Vpu, ambayo huiondoa tetherini. Basi virusi vikapita.

ASKARI WA DORIA NA KITAMBULISHO

Walinzi wengine wa kinga ya asili ni askari wa doria. Waganga huwaita seli za NK, maana yake seli zinazoua kwa asili. Kazi yao tunaweza kuieleza kwa mfano ambao kila mtu wa kiwandani anaujua, yaani kitambulisho cha getini.

Kila seli ya mwili hubeba juu yake kitu kama kitambulisho. Kitambulisho hicho huonyesha vipande vya yale yaliyomo ndani. Kama ndani mna virusi, kipande cha virusi hutokeza, na askari wa kinga ya kujifunza wakikiona huiua seli hiyo. Virusi vya UKIMWI vinalijua jambo hilo. Vinachofanya ni kuviondoa vitambulisho, ili askari wale wasisome kitu. Hapo ndipo seli za NK zinapoingia kazini. Zenyewe zinapita zikiuliza: kitambulisho kiko wapi? Seli isiyokuwa nacho hushukiwa na kuuawa.

Ni ulinzi mzuri, lakini hapa pia adui ana hila. Haviondoi vitambulisho vyote. Huondoa vile vinavyosomwa sana na askari wa kinga ya pili, na huacha baadhi ya vile vinavyowatuliza askari wa doria.

Sasa tunafika penye chanzo cha maneno ya "damu kali". Watu hatufanani katika vitambulisho vya seli zetu, wala katika macho ya askari wetu wa doria. Tunarithi namna mbalimbali kutoka kwa baba na mama. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kwamba watu waliorithi aina fulani ya macho ya NK pamoja na aina fulani ya kitambulisho huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuugua UKIMWI. Tukumbuke basi kwamba sifa hiyo hurithiwa. Haipatikani kwa nguvu za kukata miwa, wala kwa mitishamba, wala kwa kula nyama, wala kwa kuomba. Mtu mnene mwenye misuli anaweza asiwe nayo, na mtu mwembamba akawa nayo.

WACHACHE KATIKA WENGI

Wako kweli watu walioambukizwa ambao miili yao inavizuia virusi bila dawa, hata kipimo cha kawaida cha damu kisivihesabu. Idadi yao haifiki mtu 1 katika kila watu 100 wenye virusi. Mwaka 2010 wataalamu wa nchi nyingi walitoa matokeo ya kuchunguza urithi wa watu hao, na tofauti kubwa waliyoikuta ilikuwa katika vile vitambulisho vya seli tulivyovitaja.

Kinga ya asili peke yake haifanyi kazi yote. Katika watu hao, kazi kubwa ya kuua seli zenye virusi hufanywa na askari wa kinga ya kujifunza. Lakini askari hao hupewa habari na wapelelezi wa kinga ya asili, yaani seli zinazoitwa dendriti. Wapelelezi wa watu hawa wachache wameonekana kuwa wepesi kumtambua adui na kupiga king'ora, na hivyo huwafundisha askari vizuri zaidi. Kinga ya asili huanza, ya kujifunza humalizia.

Wako hata waliofika mbali kuliko hapo. Mwanamke mmoja wa California, huko Marekani, alijulikana kuwa na virusi mwaka 1992. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba walipekua seli zake zaidi ya bilioni moja na nusu wasione hata kirusi kimoja kizima. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mwanamke mwingine, wa Argentina, iliyofanana na hiyo. Lakini watu wa namna hii duniani wanahesabika kwa vidole, na mamilioni ya walioambukizwa hawako katika hesabu hiyo.

Hata hao wanaovizuia virusi bila dawa hawakupona bure. Kinga yao hukesha usiku na mchana, na kukesha huko huchosha mwili. Imeonekana kwamba ndani yao kuna uvimbe wa chini kwa chini usiokwisha, nao hudhuru moyo na mishipa ya damu. Na baadhi yao, baada ya miaka mingi, ulinzi hushindwa, virusi vikapanda. Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2015 kwamba kila mwenye virusi apewe dawa bila kungoja augue, halikuwatoa hao nje ya shauri hilo.

TUMBILI WA SHAMBANI

Jambo hili la kinga kukesha bila kupumzika linaeleweka vizuri tukimtazama mnyama tunayemfahamu wote. Tumbili wanaoiba mahindi yetu pembeni mwa mashamba hubeba virusi ambavyo ni binamu wa virusi vya UKIMWI. Wengi wa tumbili wakubwa wanavyo, tena vingi katika damu, lakini hawaugui. Huzaa, huruka, huzeeka kama kawaida. Hapo tuseme wazi kwamba virusi vya tumbili sivyo vilivyotuletea ugonjwa sisi. Virusi vinavyotusumbua huku vilitoka kwa sokwe wa upande wa Kamerun, na aina nyingine ilitoka kwa kima wa Afrika ya Magharibi.

Wataalamu walipowachunguza tumbili, waliona jambo la ajabu. Virusi vikiingia, kinga yao ya asili hupiga king'ora kikubwa, sawa na cha mnyama mwingine yeyote. Lakini baada ya wiki chache king'ora hicho huzimwa na mwili hutulia. Nyani wa Asia waliowekewa virusi vya jamii hiyo king'ora chao hakizimiki, nao hudhoofika na kufa. Tena mwaka 2017 ilitangazwa kwamba seli za NK za tumbili huingia mpaka ndani ya tezi, mahali ambapo virusi hupenda kujificha, na kuvizuia pale.

Basi tunajifunza kwamba UKIMWI hauletwi na virusi peke yake. Huletwa pia na kinga inayowaka muda wote mpaka inajichoma yenyewe. Tumbili walipata mwafaka na adui wao kwa vizazi visivyohesabika. Binadamu na virusi hivi wamekutana katika muda wa miaka mia moja hivi tu. Hatuwezi kungoja vizazi elfu.

WANAWAKE WA MAJENGO

Yako mafundisho mengine kutoka kwa jirani zetu. Tangu miaka ya 1980, waganga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walifanya kazi na wanawake wa Majengo, katika mtaa wa Pumwani, Nairobi, ambao walitafuta riziki kwa kuuza miili yao. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwa daktari Frank Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi. Waliona kwamba wengi wa wanawake hao waliambukizwa, lakini wachache, miaka ikapita, hawakuambukizwa ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Habari zao zilitangazwa mwaka 1996.

Walipochunguzwa, seli za wanawake hao wachache zilionekana kuwa tulivu zaidi. Virusi vya UKIMWI hustawi katika seli iliyo motomoto, iliyoamshwa kwa kazi. Katika seli iliyotulia hupata shida kuzaana. Ni utulivu ule ule tuliouona kwa tumbili, ila hawa walikuwa nao kabla virusi havijashika.

Lakini wenye kupenda maneno ya "damu kali" hawasemi mwisho wa habari hii. Baadhi ya wanawake hao waliodhaniwa kuwa hawaambukizwi waliambukizwa baadaye. Ilionekana hasa kwa waliopumzika kazi ile kwa muda kisha wakairudia. Kinga iliyowalinda miaka mingi haikuwa na ahadi ya kesho. Kama watu waliochunguzwa na waganga kwa miaka mingi hawakuweza kuitegemea, mfanyakazi wa kambini ambaye hakuchunguzwa ataitegemeaje?

KARATASI YA MAABARA

Tumekuja sasa kwenye lile linaloua. Ndugu yetu anakula vidonge vyake mwaka mmoja au miwili. Anapimwa, karatasi inasema virusi havionekani. Anafurahi, na ni haki yake kufurahi, kwa sababu mtu ambaye virusi vyake havionekani kwa kutumia dawa hamwambukizi mwenzake katika kujamiiana. Kisha anasikia maneno ya kambini, anasema: kumbe damu yangu ni kali. Anaweka chupa ya dawa juu ya kabati.

Ndugu, karatasi hiyo inasifu dawa. Haisemi neno juu ya damu. Yule mchache tuliyemweleza hapo juu virusi vyake havionekani na hajapata kumeza kidonge. Wewe havionekani kwa sababu unameza kila siku. Hali hizo mbili ni tofauti kama mtu mkavu aliye ndani ya nyumba na mtu mkavu juani. Ukiibomoa nyumba wakati wa mvua, utaijua tofauti.

Maana virusi havijaondoka. Vimejificha ndani ya seli zilizolala, na dawa haifiki kuviua humo. Dawa ikikatika, seli hizo huamka, na kwa watu walio wengi virusi hurudi katika damu kwa muda wa wiki chache tu. Mwanzoni hutasikia kitu. Utakata miwa kama jana, utachuma chai kama jana, na hapo ndipo utakapoamini kwamba damu yako imeshinda.

Hili si jambo la kubahatisha. Limekwisha jaribiwa, tena hapa kwetu. Katika uchunguzi ulioitwa DART, uliofanywa Entebbe, Kampala na Harare, baadhi ya wagonjwa walipangiwa kuacha dawa kwa vipindi vya wiki 12, wakirudia na kuacha, chini ya macho ya waganga. Mwaka 2006 mpango huo ulikatishwa kwa sababu walioacha waliugua zaidi kuliko walioendelea. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa nchi 33, wenye watu 5,472, ulikatishwa kwa sababu hiyo hiyo. Waliokuwa wakiacha dawa walipatwa na magonjwa nyemelezi au kifo zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Ikiwa kuacha chini ya uangalizi wa mganga kulileta hasara, kuacha kwa siri kambini kutaleta nini?

Mwenye kudhani kwamba yeye ni katika wale wachache, njia ni moja: akamwulize mganga, apimwe, na aendelee na dawa mpaka mganga amwambie vingine.

YALIYO JUU YETU

Tukiyajua haya, hatuwezi kumlaumu mgonjwa peke yake. Mtu hakosi dawa kwa ujinga tu. Hukosa kwa sababu nyapara hamruhusu kwenda kliniki, au akienda siku hiyo hailipwi. Hukosa kwa sababu anaficha chupa asionekane na wenzake wa chumba kimoja. Hayo ni mambo ya kazi, na mambo ya kazi ni ya chama.

Kwanza, siku ya kuchukua dawa iwe siku ya malipo. Kliniki huweza kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu, na wengine miezi sita. Siku mbili au nne kwa mwaka si hasara kwa mwajiri yeyote. Mfanyakazi anayeugua hupoteza nyingi zaidi.

Pili, siri ya mfanyakazi ni mali yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake ya virusi. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kueleza hali yake. Akitokea mwajiri anayetaka kupima damu ili achague wenye "damu kali", ajue amevuka mpaka. Mwakilishi wa chama aarifiwe siku hiyo hiyo.

Tatu, sisi kwa sisi tuache kumtazama mtu kwa jicho la kumpima. Anayemeza kidonge jioni mbele yetu analinda maisha yake, analinda na mwenzi wake. Tumpe maji ya kunywea.

Wataalamu wanaendelea kuwachunguza wale wachache, ili siku moja hila za miili yao zigeuzwe dawa au chanjo kwa wote. Tunawatakia mafanikio. Siku hiyo ikifika, chama kitawaarifu katika kurasa hizi. Kabla ya siku hiyo, aliye na dawa aimeze, ambaye hajapimwa akapimwe, na anayezuiwa na kazi kwenda kliniki amwone mwakilishi wa chama wa tawi lake.